Kutoa denti kwa tarumbeta, tromboni na tuba ukiwa hapa Nairobi: mwongozo kamili

Kama uko kwa bendi yoyote hapa Nairobi, iwe ya kanisa, ya shule ama zile za kukodishwa harusi na matanga, unajua vile hizi ala zetu huteseka. Tuba inapanda carrier ya matatu ikiwa imefungwa kamba, tarumbeta inaachwa kwa benchi la kanisa halafu mtu anaikalia, vijana wa shule wanapigana nayo wakingoja basi ya kwenda kwa mashindano ya muziki, na ikifika Madaraka ama Jamhuri mnajipanga mstari beli zote, ile midomo mipana ya mbele, zimebonyea. Halafu swali ni lile lile, hii denti inatolewaje na nani.

Jibu la kwanza ambalo utapewa ni upeleke kwa fundi wa bodi za magari, ama kwa wale wa masanduku na sufuria pale Kamukunji. Hao watu ni wakali kwa kazi yao, sibishi, lakini kazi yao ni tofauti. Ukuta wa tarumbeta ni kama nusu milimita tu, pengine hata chini ya hapo, na ukiupiga nyundo kutoka ndani bila kitu cha kuushikilia nje, brasi inatanuka. Ni kama chapati, ukishaisukuma ikapanuka hairudi kuwa ndogo. Sasa ile sehemu ambayo ilikuwa na shimo moja inakuwa na nyama nyingi kuliko nafasi yake, inatoka nje kwa vinundu vinundu, na hapo hata fundi mzuri wa ala atakwambia pole.

Kwa hivyo kabla tuende mbali shika hii: denti ya brasi haipigwi ikarudi, inasukumwa na kusuguliwa. Ndani kunakuwa na chuma kilichosuguliwa laini chenye umbo la hiyo paipu, nje kunakuwa na mkono wako ama chuma kingine kilichosuguliwa laini, na ile brasi inabanwa katikati hadi ikumbuke mahali ilikuwa. Nyundo iko, lakini inakuja mwisho na inagusa tu.

KWANZA ANGALIA KAMA INAFAA KUTOLEWA

Hii sehemu watu huruka na ndio ya maana sana. Sauti ya hizi ala inatoka kwa umbo la hewa iliyo ndani ya paipu, kwa hivyo denti inaumiza kulingana na mahali iko. Paipu ya kwanza, ile mauthipisi (kipande cha kuwekelea midomo) inaingia, ni nyembamba sana, tarumbeta nyingi za B flati zina upana wa ndani wa karibu milimita 11.7 kwa paipu zake za kawaida na hii inaanza ikiwa nyembamba kuliko hapo, na hapo denti ndogo tu ya kuonekana kwa macho inaweza kufanya noti fulani ikatae kukaa kwa tune ama iteleze ukiishika. Kona ya kwanza baada ya hiyo paipu pia ni vilevile. Lakini kadiri unavyoenda kwa beli paipu inapanuka, na denti ya saizi ile ile huko mbele haifanyi kitu yoyote ya kusikika. Beli ya tuba inaweza kuwa imebonyea pande zote na bado ipige poa kabisa.

Maoni yangu ni haya. Denti kwa paipu ya kwanza ama kona nyembamba, toa. Denti iliyo na mstari mkali, ile imekunjika kabisa, toa mapema manake hapo ndio brasi hupasuka baadaye. Denti za mviringo kwa beli ya tuba ya kanisa ambayo iko na umri wa babu yako, achana nazo, kila ukizitoa unapunguza unene wa ukuta kidogo na siku moja hautabaki na ukuta.

Sasa chukua tochi ya simu, toa slaidi zote, zile paipu za kuvutwa nje, angalia ndani na nje. Unatafuta madoa mekundu ama ya rangi ya waridi, sana sana kwa paipu ya kwanza. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, ile ya kawaida ya manjano iko na shaba asilimia 70 hivi na zinki 30, na mate na unyevu vikikaa miaka zinki inaliwa inaisha, inabaki shaba peke yake imejaa vitobo vidogo. Paipu kama hiyo usiisukume na chochote, itatoboka mkononi. Inabadilishwa, haitolewi denti. Bendi za Jeshi la Wokovu hasa ziangalie hii, manake unaweza kupata koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, ya zamani sana bado inapigwa, hata zile zilitengenezwa na kiwanda chao wenyewe cha St Albans, Uingereza, na hicho kiwanda kiliuzwa kwa Boosey & Hawkes mwaka 1972, kwa hivyo hesabu mwenyewe hiyo brasi imekunywa mate miaka mingapi.

MOTO

Utasikia mtu akisema choma kwanza ilainike. Ni ukweli kwamba brasi ikisukumwa sukumwa inakuwa ngumu na ukiipasha moto mkali inalainika tena, na viwandani wanafanya hivyo. Lakini huo moto unapita digrii 450, na risasi ya kulehemu ambayo inashikilia viungo vyote vya ala yako inaanza kuyeyuka kwa digrii 183 tu. Kabla brasi ilainike, vishikizo vyote, vile vyuma vidogo vinashikanisha paipu, vimeng'oka na vanishi ya juu imekuwa nyeusi. Halafu ugumu wa beli ni wa makusudi, beli iliyochomwa ikawa laini inabonyea hata ukiigusa na goti na sauti yake inakuwa imezubaa. Kwa kazi yote iko hapa chini hakuna mahali utahitaji moto.

VIFAA NA PENYE UTAPATA

Huko ng'ambo kuna seti za kununuliwa, bei yake ni ya kulia. Hapa tunajipanga.

Goroli za beringi. Hizi ndio moyo wa kazi. Enda Kirinyaga Road, Grogan kwa wale wa zamani, ama kwa mafundi wa malori wanaotupa beringi zilizoisha, uombe goroli za saizi tofauti. Unataka zile hazina kutu wala mkwaruzo, manake kila alama iliyo kwa goroli itachapishwa ndani ya paipu yako. Beba kalipa, kile kifaa cha kupima unene, upime moja moja na uandike. Kwa tarumbeta unataka kuanzia milimita 10 hadi 11.5 kwa hatua ndogo ndogo, halafu kubwa kubwa za kuingia kwa beli. Kwa tuba unahitaji kubwa zaidi, 25 kwenda juu.

Shida ya goroli ni kwamba chuma chake ni kigumu sana, drili ya kawaida itateleza juu yake na kuisha. Kwa hivyo zile unazotaka kufunga kwa fimbo usihangaike na beringi, enda kwa fundi wa leti, ile mashine ya kuchonga chuma kikizunguka, Kariobangi Light Industries ama Industrial Area, umpe chuma cha kawaida cha mviringo akuchongee vitu vya umbo la yai ama pipa dogo, na shimo la meno ya M8 (saizi ya milimita 8) katikati. Mwambie amalize na msasa laini hadi uone uso wako. Umbo la yai ni bora kuliko goroli ya duara kwa paipu iliyonyooka, manake linagusa sehemu ndefu na haliachi mtaro.

Fimbo. Chuma cha mviringo cha unene wa milimita 12 hadi 16, urefu kama mita moja, moja iliyonyooka na moja iliyopindwa kidogo mwisho kama mkono wa mzee. Pale Kamukunji watakupindia wakingoja chai. Mwisho mmoja unachongwa meno ya M8 ya kushika lile yai, mwisho ule mwingine unashikwa na vaisi, ile jiriwa ya kubana vyuma. Hiyo vaisi lazima iwe imefungwa kwa meza nzito, siyo ile meza ya kula inatembea.

Pini za pistoni. Hii ni siri ndogo. Pini inayoshikilia pistoni ya injini ni chuma kigumu, kimenyooka, na kimesuguliwa laini kabisa kutoka kiwandani. Inafanya kazi nzuri sana ya kusugua denti kutoka nje, na zile za saizi inayoingia unaweza kuzitumia ndani ya paipu nene zilizonyooka za tromboni ama tuba. Mafundi wa injini huwa nazo kwa mkebe, wanakupa hata bure.

Nyundo. Moja ya raba, ile nyeupe ya mafundi wa tailisi, siyo nyeusi manake inaacha alama. Moja ndogo ya chuma ambayo uso wake umesugua hadi umekuwa kioo na kona zake zimekuwa mviringo. Ukiwa na nyundo ya chuma ambayo umepigia msumari hata mara moja, hiyo siyo ya hii kazi.

Sumaku. Ziko zile kali za neodimiamu. Ukipata kubwa, ya mviringo ya kipenyo cha sentimita 4 ama 5, unaishika nje ya tuba, goroli iko ndani, inavuta goroli hadi inabana brasi katikati, unatembeza tu. Kwa tuba na eufoniumu (ile kama tuba ndogo) ni raha, manake unafika kona ambazo fimbo haiwezi. Zile za hard disk mbovu za kompyuta ambazo utapata Luthuli ni kali pia lakini ni ndogo, zinasaidia kuhamisha goroli, haziwezi kutoa denti ya maana. Sasa sikiza: hizi sumaku zinaweza kuvunja kidole, hakuna utani, zikikutana mbili na kidole kiko katikati utaenda hospitali. Mtu mwenye kifaa cha moyo asikae karibu, simu na kadi ya benki weka chumba kingine, na usizipashe moto, nyingi zinapoteza nguvu zikipita digrii 80.

Mwisho grisi nyepesi ama vaselini, kitambaa cha pamba, ngozi laini, tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, na taa.

KUSAFISHA KABLA YA KUGUSA DENTI

Toa valvu, zile za kubonyeza na vidole, zipange 1, 2, 3 kwa kitambaa mbali na vumbi. Toa slaidi zote. Slaidi iliyokwama weka mafuta ya kufungua nati yakae usiku mzima, halafu pitisha kitambaa ndani ya kona yake uvute mara moja kwa nguvu ya ghafla ikiwa imenyooka. Pliasi hapana. Osha yote na maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, maji moto sana yanang'oa vanishi. Pitisha brashi ndefu ndani. Sababu siyo urembo, ni kwamba mchanga mmoja ukibaki kati ya goroli na ukuta utachora paipu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ikikauka paka grisi kidogo ndani na juu ya goroli.

DENTI YA BELI NA KOO LA BELI

Anza na hii manake ni rahisi na inakufundisha mkono. Funga fimbo kwa vaisi ikiwa imelala, lile yai likiwa mwisho wake. Chagua yai ambalo likiingia kutokea mbele ya beli linafika kwa denti na kujaa hapo bila kukwama, yaani umbo lake linakaribiana na umbo la paipu mahali pale. Yai dogo sana litasukuma nukta moja tu na kutengeneza kinundu, na hilo ndilo kosa linaharibu beli nyingi.

Vaa beli kwa fimbo, denti ikiwa juu ya yai. Sasa shika tarumbeta kwa mikono miwili karibu na denti na uibonyeze chini huku ukiitembeza mbele na nyuma, uzito wa mwili ndio unafanya kazi siyo mikono. Usianze katikati. Denti iko na ukingo, ile pete kidogo imeinuka pande zote, na huo ukingo ndio unaoshikilia denti isirudi. Anza pembeni, zunguka, rudi, zunguka, ukiingia ndani pole pole. Utaona shimo linakuwa dogo kila mzunguko. Ukingo ukikataa kushuka, hapo ndio nyundo ya raba inaingia, gonga ukingo, siyo shimo, kwa kugusa tu na yai likiwa chini yake.

Utajuaje yai liko wapi na huoni ndani? Sikiza. Gonga pole pole na ukucha ama na nyundo ndogo, mahali brasi imekalia chuma mlio unakuwa mfupi na umekufa, mahali kuna hewa chini unaskia mwangwi. Ukigonga na nyundo ya chuma mahali kuna mwangwi umetengeneza denti mpya. Kwa hivyo hiyo sauti iliyokufa ndio ruhusa yako, bila hiyo usipige.

Ikibaki kama asilimia kumi hivi, weka ngozi juu ya brasi ama tepu, chukua pini ya pistoni, paka mafuta kidogo, na usugue kwa mivuto mirefu kufuata urefu wa paipu huku yai likiwa chini. Angalia na taa ya chumba, ile ya mrija mrefu ni nzuri sana kwa hii kazi, uone mwanga unavyopita juu ya brasi. Mstari wa mwanga ukipinda bado kuna kazi, ukinyooka acha. Wacha hapo hapo. Kuna tamaa fulani hukuja ya kusugua mara moja zaidi ndio ikuwe kama mpya, na hiyo mara moja ndio hutanua brasi.

Beli iliyokunjika ukingoni, ile imeanguka na mdomo, inaanza na mkono. Mdomo wa beli ya tarumbeta umekunjwa kuzunguka waya, kwa hivyo ukinyoosha huo mdomo kwanza brasi yote iliyobaki inafuata. Laza beli juu ya mbao iliyochongwa mviringo na kufunikwa ngozi, bonyeza na dole gumba kidogo kidogo kutoka pande zote mbili za kunjo kuelekea kwa kunjo lenyewe, halafu sugua ule mstari na pini. Mstari wa kunjo hautaisha wote. Ubaki tu, ukiulazimisha utapasuka.

DENTI ZA KONA

Hapa fimbo haifiki, ndio maana ya goroli huru. Kona iliyoshikana na mwili ni ngumu kidogo lakini ile ya slaidi ya tune, ile ya kurekebisha tune ya ala nzima, unaitoa yote inakuwa mkononi, hiyo ndiyo ya kujifunzia.

Pima upana wa ndani wa mdomo wa kona na kalipa. Tafuta goroli inayoingia kwa ulaini na inasimama ikifika kwa denti. Hiyo ndiyo yako ya kwanza. Sasa inabidi isukumwe ipite chini ya denti, na hakuna kitu cha kuisukuma kwa kona isipokuwa goroli zingine. Unaweka goroli ndogo kiasi nyuma yake, unaziba mdomo na kidole gumba ama kizibo cha mpira, na unatikisa kona kwa nguvu kwa mwelekeo ambao ile ndogo inagonga ile kubwa mgongoni. Tak, tak, tak, inasonga milimita kwa milimita, na kila ikisonga inainua denti. Ikishapita utaskia imeachilia. Toa, weka ile inayofuata kwa saizi, tofauti isipite milimita 0.2 na kama uko na 0.1 ni bora, rudia. Endelea hadi ile ambayo saizi yake ni ndogo kidogo tu kuliko mdomo wa kona.

Goroli ikikwama usiogope na usiongeze nguvu. Geuza kona, weka goroli ya kugonga kwa upande ule mwingine, uirudishe penye ilitoka. Ikikataa, gonga nje ya paipu pale goroli iko na nyundo ya raba, kuzunguka pande zote, brasi inanyooka kidogo na goroli inalegea. Ndio maana huwezi kuruka saizi ukitaka kumaliza haraka, goroli iliyorukwa saizi mbili inakaa huko ndani milele na kona inakatwa.

Wenye sumaku kubwa wanafanya hii kwa njia ya raha, goroli inavutwa kutoka nje badala ya kugongwa, lakini kwa paipu nyembamba ya tarumbeta goroli ni ndogo na sumaku haishiki vya kutosha, kwa hivyo kwa tarumbeta bado utatikisa.

TUBA, SAUSAFONI NA EUFONIUMU

Sausafoni ni ile tuba ya kuvaa mwilini, kazi yake ni moja na tuba. Goroli kubwa ndani, kitambaa laini ama ngozi nyembamba nje ndio usichubue vanishi, sumaku juu ya kitambaa. Tembeza kutoka ukingo wa denti kwenda katikati kwa miduara. Itachukua muda, weka redio. Denti kubwa ya chini ambayo tuba imeachiliwa kwa sakafu ya simiti imejificha chini ya bamba la kulinda, na watu hung'oa bamba kwanza bila sababu, jaribu na sumaku bamba likiwa pale pale, kama bamba nalo limebonyea pamoja na paipu ndio itabidi lilegezwe, na hiyo ni kazi ya kulehemu, tafuta mtu anajua.

Kuondoa goroli mle ndani geuza tuba, izungushe kufuata paipu, na hesabu goroli zako. Uliingiza nne, toa nne. Kuna tuba zinatembea hapa mjini zikilia ndani na mwenyewe anadhani ni valvu.

PAIPU YA KWANZA NA MAUTHIPISI

Paipu ya kwanza inapanuka kidogo kutoka kwa mauthipisi kwenda kwa slaidi ya tune, kwa hivyo chuma chake lazima kiingie kutoka kwa upande wa slaidi, ule mpana. Mwambie fundi wa leti akuchongee fimbo ndefu yenye mwisho wa umbo la yai jembamba, saizi mbili tatu. Sukuma na kuzungusha, usipige. Hapa milimita 0.2 zaidi inabadilisha vile ala inapiga, kwa hivyo ukifika laini simama.

Mauthipisi iliyokwama isizungushwe na pliasi ama kubanwa kwa vaisi, paipu itajisokota na vishikizo vitakatika. Kuna kifaa chake cha kuvuta, kina nati mbili na bamba mbili, linashika nyuma ya mauthipisi na kuisukuma nje ikiwa imenyooka. Fundi wa leti ataelewa ukimwonyesha picha, na kimoja kinatosha bendi nzima. Ule mwisho wa mauthipisi ukiwa umebonyea baada ya kuanguka chini, chukua panchi ya chuma iliyochongoka mviringo na laini, ingiza, zungusha na mkono huku ukibonyeza, utarudi mviringo kwa dakika chache.

PENYE MKONO WAKO UNAISHIA

Nyumba ya valvu. Nafasi kati ya pistoni ya valvu, ile inapanda na kushuka ukibonyeza, na ukuta wake ni sehemu chache tu za mia za milimita moja. Ukisukuma chochote pale kwa kukisia valvu haitapanda tena. Shida moja ya kawaida sana kwa tarumbeta ni valvu ya pili kuanza kukwama baada ya ala kuanguka, na watu wanamwaga mafuta wee, kumbe ile slaidi fupi ya pili imejitokeza upande wa kulia na ilipogonga chini ilisukuma ukuta wa valvu ndani. Hiyo inarekebishwa kwa kuvuta slaidi kurudi ilipokuwa, na chuma cha saizi kamili kikiwa ndani ya nyumba ya valvu. Bila hicho chuma acha. Usiwahi kusugua pistoni na msasa ndio ipite, hapo umeua tarumbeta.

Slaidi ya tromboni pia. Hizo paipu mbili za nje ni nyembamba sana na lazima ziwe zimenyooka na ziko sambamba, denti ndogo ambayo hata huioni vizuri inatosha kuifanya ikwaruze. Unaweza tu kujua shida iko wapi, toa slaidi ya nje, ingiza mguu mmoja tu wa slaidi ya ndani kwa paipu yake uone inateremka yenyewe ama inashika, halafu ule mwingine. Ukishajua ni upande gani na ni umbali gani, weka alama na tepu, upeleke kwa mtu aliye na fimbo ya saizi hiyo. Uliza wapigaji wa bendi za polisi, jeshi ama magereza fundi wao ni nani, hao huwa na ala nyingi na lazima mtu fulani anazitunza. Ukienda mwambie vile ilianguka na upande gani, inamsaidia kuliko denti yenyewe.

UKIMALIZA

Osha tena na sabuni, grisi yote itoke, hasa ndani ya nyumba ya valvu. Kisha jaribu kama kuna mahali panavuja: ziba mwisho mmoja wa kona, zamisha kwa karai ya maji, puliza ule mwingine, mapovu yatakuonyesha kiungo kilichoachia. Angalia vishikizo vyote, denti ikisukumwa mara nyingine kishikizo cha jirani kinaachia kimya kimya na unajua tu kikianza kulia kwa noti fulani.

Brasso ni ya brasi tupu isiyo na vanishi. Kama ala yako bado ina vanishi, Brasso itaila ibaki madoa, tumia kitambaa laini tu. Ile iliyopakwa fedha iko na dawa yake ya fedha, Brasso huko inakwangua fedha yote hadi utaona manjano chini.

Ukirudisha ala kwa kesi, mauthipisi ikae kwa shimo lake ama kwa soksi, siyo kuachwa huru ndani, manake ikicheza cheza kwa matatu kutoka Kayole hadi tao inagonga beli kutoka ndani ya kesi yenyewe. Kwa benchi ama kwa nyasi laza tarumbeta ile slaidi ya valvu ya pili ikiangalia juu. Na ikiwa ni tuba inapanda carrier, tia godoro kuukuu chini na ifungwe kwa mwili, kamba isipite juu ya kona wala juu ya valvu, kondakta atalalamika nafasi, mlipie kiti.